Mlango wa Upande Mmoja

Nyumba mpya ya fundi Silvano, kwenye njia itokayo Masasi kwenda Lupaso, ilikuwa imekamilika kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Sebule ilikuwa na mlango, vyumba vilikuwa na milango, hata jiko la uani lilikuwa na kimlango chake cha mbao za mabaki. Lakini karakana, iliyoshikana na ubavu wa nyumba ikitazama barabara, ilikuwa wazi kabisa. Waashi walikuwa wamejenga kuta za pembeni wakaacha mbele, wakisubiri fundi awaambie nafasi ya mlango iwe na upana gani. Walisubiri wakachoka, wakaenda kumjengea mtu mwingine.

Aliyejibu maswali ya wapita njia alikuwa mkewe, Ethel.

"Mama Helena, mbona mzee haweki milango? Si yeye aliyetengeneza ile ya kanisani?"

"Mbao hazijakauka," Ethel alikuwa akijibu, huku akijishughulisha na ungo wake.

Ulikuwa uwongo. Mbao za mninga zilikuwa zimelala chini ya kitanda chao tangu mvua za mwaka juzi, zimekauka mpaka ukizigonga zinalia. Na muda wenyewe haukuwapo. Silvano alikuwa amestaafu katika karakana ya misheni alikokuwa seremala tangu ujana. Aliagwa kwa sala na chai na maneno mazuri, na katika maneno hayo mazuri aliambiwa kwamba nyumba aliyokuwa akikaa itahitajiwa na fundi mpya baada ya Pentekoste. Fundi mpya alikwisha kuja kuitazama. Alipita vyumba vyote bila kuvua kofia, akafungua kabati la Ethel akalifunga, akauliza kama panya ni wengi.

Vyombo vya nyumbani vingeweza kuhama siku yoyote. Lakini randa, misumeno, patasi na ile benchi ya kazi, urithi pekee ambao Silvano angeweza kuuita wake, vingewekwa wapi? Katika karakana isiyo na mlango, kando ya barabara?

"Upana wa meza ya watu wanane unatosha," Silvano alisema jioni moja, wamesimama ndani ya karakana, jua likiwapiga machoni kupitia pale palipo wazi. "Milango miwili ya mninga, bawaba imara, komeo la ndani. Hakuna kitu nitakachotengeneza hapa kitakachozidi hapo."

"Na gari?" Ethel aliuliza.

"Gari la nani?"

Ethel alitazama barabarani. Alijua kwamba swali lile halikuwa swali. Silvano naye alijua kwamba mkewe hakuwa na habari ya gari lolote, ila ya mtu mmoja ambaye angeweza kurudi akiliendesha.

Mtu huyo alikuwa Cyril, mtoto wao wa kwanza. Alikuwa amejifunza useremala kwa baba yake hadi mkono wake ukaanza kusifiwa, kisha mradi wa karanga wa Waingereza ukafunguliwa Nachingwea, akaenda siku moja kutazama matrekta, akarudi amebadilika macho. Walibishana msimu mzima. Siku alipofunga mzigo wake, Silvano alimwambia mbele ya watu: "Nenda kwa vyuma vyako. Vikikutafuna, usiniletee mifupa." Tangu siku hiyo Silvano hakutaka kuitwa Baba Cyril. Akawa Baba Helena, kwa jina la binti yao aliyekuwa mwalimu Newala na baadaye kuolewa Songea. Mradi wa karanga ulikufa, watu wakarudi makwao na masanduku ya bati na saa za mkononi. Cyril hakurudi, wala hakutuma salamu.

Hivyo walipobishana juu ya upana wa mlango, walikuwa wakibishana juu ya jambo jingine, na wote wawili walilizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi njiani.

*

Mahmudu, kijana wa uwandani, kule juu Newala, aliyekuwa akinunua korosho kwa lori lake kuukuu, ndiye aliyeleta habari za milango ya chuma.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Pale Nachingwea wanauza mabaki ya mradi," alisema. "Kuna milango ya mabanda ya magari, ya chuma kitupu. Haifunguki kwa bawaba. Inateleza juu ya reli, mtu unaisukuma kama pazia. Mimi nimeisukuma kwa kidole hiki."

"Mimi ni seremala," Silvano alisema. "Nikafunge karakana yangu kwa mlango wa chuma? Watu watasema nini?"

"Watasema umefunga," Ethel alisema. "Sasa wanasema hujafunga."

Mahmudu alicheka, kisha akaona hapana mwingine anayecheka. Lakini Silvano alikubali kwenda kutazama. "Kutazama tu," alisema, na asubuhi yake alivaa koti lake la kanisani, akachukua futi yake ya kukunja. Ethel naye alipanda lori, pamoja na kuku wawili wa kuuza, kama kisingizio.

Uwanja wa mabaki ulikuwa mpana na umeota nyasi hadi magotini. Matrekta yasiyo na magurudumu yalikuwa yamelala humo kama ng'ombe waliokufa kwa ukame. Karani wa mauzo, kijana mwenye kalamu sikioni, alimtazama Silvano kuanzia viatu kwenda juu.

"Milango ya banda? Wewe una gari?"

"Sina."

"Una trekta?"

"Sina, bwana. Nina karakana."

"Karakana ya nini?"

"Ya useremala."

Karani aliwageukia wenzake waliokuwa wakinywa chai kivulini. "Jamani, mzee anataka mlango wa kupitisha ndege za jeshi apitishie viti!" Wakacheka wote, hata yule asiyesikia vizuri aliyeuliza kwanza kimesemwa nini. Silvano alisimama akiwa ameishika futi yake kwa mikono miwili. Mtu ambaye Askofu mwenyewe alimwita kwa jina, aliyepewa kiti mbele siku ya kuwekwa wakfu milango ya kanisa, sasa alikuwa akiangalia viatu vyake. Ethel alitamani kumvuta mkono waondoke. Lakini Silvano alipiga kikohozi kidogo, akaenda kupima milango kana kwamba hakusikia. Ethel alimwona akiusukuma mmoja. Uliteleza bila kelele, mzito, mtiifu. Silvano akaurudisha. Akausukuma tena.

Ethel alibaki kwenye lori na kuku wake. Mlinzi wa uwanja, mtu wa makamo aliyechechemea, alimsogelea.

"Nasikia mzee wako ni Silvano, fundi wa misheni ya Masasi?"

"Ndiye."

"Basi wewe ndiwe mama yake Cyril. Mna pua moja. Mimi naitwa Nikolao. Tulikuwa tukiendesha pamoja hapa."

Ethel aliwaachia kuku kamba. Walikimbia wakaingia nyasini, na hakuna aliyewafuata.

"Yuko wapi?" aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto anayeomba maji.

"Hamjui?" Nikolao alishangaa. "Yuko Kitangari, mama. Kwenye mitambo ya kupandisha maji ya uwandani. Ndiye mwangalizi wa injini."

Kitangari! Ethel alikuwa amemtafuta mwanawe kwa mawazo huko Tanga kwenye mkonge, huko kwenye migodi ya shaba, huko ambako watu huenda wakapotelea. Alikuwa amemwombea kila Jumapili kama anavyoombewa msafiri wa baharini. Kumbe yupo Kitangari, chini ya uwanda alikozaliwa yeye Ethel, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mlangoni pake.

"Kama yuko hapo," alisema, "mbona haji?"

Nikolao aliangalia kule Silvano alikokuwa akipima. Akashusha sauti.

"Mradi ulipofungwa alipata kazi kwa mtu mmoja wa kupasua mbao huko porini. Msumeno wa mashine ukamkata. Vidole vitatu, mkono wa kulia. Nilimwuguza mimi. Nilimwambia nenda nyumbani, akasema: baba alikwisha kunikataza nisimletee mifupa."

*

Njia nzima ya kurudi Ethel alitazama nje, kisogo kwa mumewe. Silvano alidhani ni uchungu wa kuku waliopotea. Yeye mwenyewe alikuwa na mengi ya kusema kuhusu milango ile: kwamba chuma kile kingechemka kwa jua la Masasi, kwamba kutu ingekula pembe, kwamba lakini, haki ya mtu apewe, aliyebuni namna ile ya kuteleza hakuwa mjinga.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa likizama nyuma ya milima ya mawe. Ethel aliweka maji motoni, akayaacha yachemke, akasahau kuyaepua. Silvano alikuwa ameketi kwenye kigoda akivua viatu.

"Baba Cyril," Ethel alimwita.

Silvano aliacha kiatu kimoja mguuni. Jina hilo lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu hata likasikika kama jina la mgeni.

Ethel akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye vidole, Silvano aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza akaitazama na viganja. Alipofika kwenye maneno ya mifupa, Silvano aliinuka akatoka nje na kiatu kile kimoja.

Ethel hakumfuata. Alimsikia kule nyuma akipanga mbao ambazo hazikuhitaji kupangwa. Chakula kikapoa. Alipoingia, Silvano alisema jambo moja tu:

"Mwambie Mahmudu, safari yake ya Newala tutakwenda naye."

"Kumfuata?"

"Nataka kumwuliza habari ya milango."

*

Walilala Mnyambe, juu uwandani, kwa dada yake Ethel, Bibiana. Ethel alizaliwa pale, na utoto wake wote aliupitisha kwenye mteremko, mtungi kichwani, akishuka bondeni kufuata maji na kupanda tena shingo ikimwuma. Sasa aliona bomba limesimama kando ya njia, na wanawake wamepanga foleni wakisutana kwa Chimakonde.

"Siku hizi maji yanatufuata yenyewe," Bibiana alisema akicheka. "Kuna kijana huko chini anayasukuma. Siku injini ikinyamaza, ndipo tunamkumbuka na kumtukana."

"Kijana huyo ni wangu," Ethel alisema.

Bibiana aliacha kucheka. Alikuwa hajamwona Cyril tangu akiwa wa kubebwa. Usiku haukuwatosha kwa maneno, lakini asubuhi dada alimfungia Ethel ubuyu na korosho za kukaanga katika kitambaa kisafi, kama zawadi ya mtoto mdogo.

Nyumba ya injini waliisikia kabla ya kuiona. Kelele yake ilipanda kutoka bondeni, moja kwa moja, bila kupumua. Silvano alitembea mbele. Kadiri kelele ilivyokua ndivyo hatua zake zilivyopungua, hadi Ethel akampita.

Cyril alitoka akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mtu mzima sasa, mabega mapana, ndevu. Alipowaona alisimama, na mkono wa kulia ukaingia mfukoni peke yake, upesi, kama mnyama anayerudi shimoni.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," Silvano alijibu.

Ethel alitaka kumkimbilia. Lakini aliona jinsi baba na mtoto wanavyotazamana, akaogopa kwamba akigusa chochote kitaanguka. Alikumbatia kile kifurushi cha korosho.

"Tumekuja kwa sababu ya milango," Silvano alisema.

Cyril alimtazama mama yake, kisha baba yake. "Milango gani, baba?"

"Ya karakana. Nimejenga nyumba. Nimeshindwa kuchagua."

Tangu aolewe, Ethel hakuwahi kumsikia mumewe akilitamka neno "nimeshindwa" mbele ya mtu kwa jambo lihusulo mbao. Silvano aliokota kijiti, akachora chini ukuta, barabara, upande litokapo jua. Alieleza habari za milango ya Nachingwea, ubaya wake na uzuri wake. Alieleza kwa urefu, haraka haraka, kama mwanafunzi aliyehofia kukatizwa. Cyril alichuchumaa kusikiliza. Baada ya muda alikipokea kijiti kwa mkono wa kushoto.

"Usiweke chuma," alisema. "Weka mninga wako. Lakini uteleze. Reli iwe juu, baba, si chini. Ukiiweka chini mchanga utaijaza, na wakati wa masika itashika kutu. Mlango uning'inie, hivi." Na ili kuonyesha hivi, aliutoa mkono wa kulia bila kufikiri, akauinua hewani: kidole gumba na cha shahada, na baada ya hapo ngozi iliyokunjamana, inayong'aa.

Injini iliendelea kupiga kelele kana kwamba ndiyo peke yake iliyokuwa na la kusema. Cyril alitaka kuurudisha mkono mfukoni. Silvano aliwahi, akaushika. Aliushika kama anavyoshika ubao kutafuta mahali unapopinda, akipitisha kidole chake juu ya kovu taratibu.

"Unauma?"

"Wakati wa baridi."

"Huku uwandani baridi ni kali."

"Ni kali, baba."

Silvano aliuachia. Akageuka kutazama mabomba, akatazama kwa muda mrefu kuliko mabomba yalivyostahili. "Na upana?" aliuliza bila kugeuka. "Upana uwe kiasi gani?"

"Inategemea, baba. Unataka kuingiza nini?"

"Sijui kitakachoingia. Ndiyo maana nimekuja kuuliza."

Cyril aliinama. Akachora mistari miwili mchangani, mbali mbali sana. "Basi acha lori lipite," alisema. "Magurudumu ya kuning'inizia nitakutafutia mimi."

Walikula korosho wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Ethel alimwuliza anapikiwa na nani, akasema anajipikia. Alimwuliza kama ana mchumba, akacheka. Walipoagana ndipo alipoweza kutoa swali alilokuwa nalo tangu asubuhi.

"Utakuja, mwanangu?"

Cyril aliangalia nyumba ya injini. "Mashine hii haiachwi peke yake, mama. Watu wote wa juu wanaitegemea."

"Siulizi kuhusu mashine."

"Najua," alisema.

Hilo ndilo jibu Ethel alilorudi nalo Masasi.

*

Waashi waliitwa, wakamaliza kuta kwa upana wa lori. Silvano alizitoa mbao chini ya kitanda akaanza kazi, na Ethel alimsikia akiimba zaburi puani, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu watoto wakiwa wadogo. Milango ilipokamilika watu walikuja kuitazama: mipana, myekundu, maungo yake hayaingizi hata wembe. Mhunzi alitengeneza reli, ikafungwa juu ya boriti.

Pentekoste ikapita, wakahama. Fundi mpya aliingiza vitu vyake kwa mlango wa mbele wakati Ethel akitoa vyake kwa mlango wa uani.

Magurudumu yalikuja na lori la Mahmudu, yamefungwa katika gunia lenye mafuta. Yalikuwa ya mlango mmoja tu.

"Amesema ya upande wa pili hayajapatikana," Mahmudu alieleza. "Akiyapata atayaleta mwenyewe, kwa sababu kuyafunga kunataka watu wawili wanaoelewana. Ndivyo alivyosema. Nimesema kama alivyosema."

Silvano alifunga mlango wa kushoto. Uliteleza kama maji. Wa kulia aliuegemeza ukutani ndani ya karakana, na nusu ya karakana ikabaki wazi.

Korosho zikavunwa, zikauzwa. Cyril hakuja. Masika ilipoanza, mvua iliingia kwa ule upande wa wazi ikalowesha vumbi la mbao hadi likanuka. Kila jioni Silvano na Ethel walibeba misumeno na randa kuziingiza sebuleni, na kila asubuhi walizitoa. Wageni walikalia masanduku ya patasi. Waumini wenzao waliotoka ibadani walipita wakisema kwa sauti ya kusikika, "Hapo ndipo kwa mzee wa mlango nusu." Mteja mmoja wa Lupaso alichukua kazi yake akaipeleka kwa fundi mpya wa misheni, akasema kabati lake lisije likanyeshewa.

"Mhunzi anaweza kutengeneza mengine," Ethel alisema siku moja, mgongo ukimwuma kwa kubeba.

"Anaweza," Silvano alisema, akaendelea kupiga randa.

Ndipo Mahmudu aliposimamisha lori asubuhi moja ya manyunyu. Silvano alikuwa amekwenda kupima madirisha ya mtu, na Ethel alikuwa peke yake akikausha mbao kwa kitambaa.

"Mama, shikamoo. Nimekuletea furaha," Mahmudu alisema. Akafungua karatasi. Ndani mlikuwa na magurudumu mapya kabisa, yanayong'aa. "Nimeyaona dukani Lindi. Ni saizi ile ile, nilipima. Sitaki kitu. Mzee alinitengenezea bodi ya lori wakati sina hata nauli. Mimi na utingo wangu tutamfungia sasa hivi, akirudi akute tayari."

Ethel aliyapokea. Yalikuwa mazito na baridi. Aliutazama mlango wa kulia ulioegemea ukuta, chini yake ukianza kuvimba kwa unyevu. Aliona jinsi siku ile ile ingekuwa: mlango unafungwa, mvua inabaki nje, sebule inakuwa sebule, watu wanapita barabarani wakikosa la kusema. Mgongo wake ulilitaka jambo hilo, na masikio yake pia.

Halafu akamwona Cyril anafika, leo au mwaka ujao, gunia begani, anasimama barabarani na kukuta milango yote miwili imefungwa vizuri, inateleza vizuri, haimhitaji mtu.

Alimrudishia Mahmudu karatasi na kilichokuwa ndani yake.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umefanya jambo la kiungwana," alisema. "Lakini rudi nayo. Upande huu una mtu wake."

Mahmudu alimtazama mama yule usoni. Aliyarudisha magurudumu chini ya kiti, akawasha lori, akashika njia ya Newala. Ethel alisimama penye uwazi mpaka mlio ukapotea. Kisha mvua ilizidi, akaanza kuvuta mbao ndani, moja baada ya nyingine, mbali na upande ule ambako maji yalikuwa yakiingia.